Niliahidiwa ofisi, nimeletewa duka la misumari

BARUA

Mama mshauri, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, naishi Iringa mjini na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na watoto wetu wawili. Kwa miaka saba nilikuwa mtunza takwimu katika mradi wa afya uliokuwa ukihudumia watu wanaoishi na VVU. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mafaili ya kliniki yanalingana na yaliyomo kwenye mfumo, na kila Ijumaa kutoa orodha ya wagonjwa ambao hawakuja kuchukua dawa ili wahudumu wa jamii wakawatafute majumbani. Mwishoni mwa Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliambiwa tusimamishe kazi palepale tungoje maelekezo. Maelekezo yaliyokuja yalikuwa barua za kuvunja mikataba.

Sikudhulumiwa. Nililipwa kiinua mgongo, na NSSF wakanilipa fao la kukosa ajira kwa miezi sita mpaka likaisha. Kilichobaki benki ni milioni mbili na ushee. Tangu hapo tunakula mshahara wa mke wangu. Nimeomba kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, nimeomba kwenye mashirika, nimepeleka bahasha kwa mkono. Kuna niliponyamaziwa na kuna nilipofika kwenye usaili nikakuta umati kama wa mkutano wa injili.

Sasa linalonisumbua. Mimi ni mzee wa kanisa, Mlutheri. Huko nyuma, ibada ikiisha na watu wakitoka nje kwenye mnada, mimi ndiye niliyekuwa nikipandisha bei. Kuku wa elfu kumi na tano namfikisha elfu arobaini, kina mama wanapiga vigelegele, kisha namrudishia bibi aliyemtoa sadaka. Siku hizi wimbo wa mwisho ukianza napitia mlango wa pembeni. Jumuiya yangu wanajua tu kwamba "mradi umeisha". Nikiulizwa nasema Mungu ni mwema, na shuhuda natoa.

Mwaka 2024 niliahidi shilingi 2,000,000 kwa ujenzi wa kanisa. Nimelipa laki sita. Majina ya waliomaliza ahadi husomwa kwenye matangazo, na wenzangu wengi katika baraza wameshasomwa. Nataka nitoe ile iliyobaki nimalize. Mke wangu anasema hiyo ndiyo ada ya mtoto na mtaji wetu wa mwisho.

Jingine ndilo zito zaidi. Baada ya kuachishwa kazi nilifunga na kuomba na kikundi chetu cha Alhamisi. Dada mmoja ninayemheshimu sana aliniwekea mkono begani akasema, "Bwana anasema ofisi uliyotolewa utarudishiwa mara mbili, kama Ayubu. Usikubali kidogo." Maneno hayo nimeyashika kama nguzo. Kuna usiku ambao nisingeumaliza bila hayo.

Mwezi uliopita mdogo wake mke wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Makambako, akanipigia. Anataka mtu wa kumwaminia kaunta na stoo. Atanipa shilingi 350,000 kwa mwezi na chumba nyuma ya duka. Mimi nilikuwa napokea mara nne ya hiyo. Kijana huyu nilimlipia ada ya chuo cha ufundi, VETA, leo niwe nampimia mafundi misumari kwa kilo huku yeye akinituma! Lakini si kiburi tu, mama. Nikikubali, si nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba sikuamini neno lake? Na kama ofisi ikifunguka wiki inayofuata?

Nilipomweleza mke wangu hayo alisema, "Ni Mungu gani huyo anayekataza kazi?" Nilimfokea. Tangu siku ile ananijibu kwa heshima lakini kwa ufupi. Jumapili iliyofuata mchungaji akahubiri kwamba asiyefanya kazi na asile, nikaona anahubiri mimi. Usingizi wangu unaisha saa nane usiku na chakula hakina ladha. Shemeji anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nifanye nini ili nisimkosee Mungu wala nyumba yangu?

*Mzee wa Kanisa, Iringa*

JIBU

Marahaba, baba. Asifiwe sana.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikadhani inahusu kazi ya dukani. Niliporudia nikaona maswali matatu yamefungwa kamba moja: neno ulilopewa, ahadi uliyoiweka, na mke aliyenyamaza. Umeyafunga pamoja kiasi kwamba ukigusa moja unahisi yote yanaanguka. Naomba tuyafungue, maana sidhani kama yanategemeana hivyo.

Kabla ya hapo, kuna mahali umesema "sikudhulumiwa" ukapita haraka. Ni kweli kisheria ulilipwa. Lakini kwa miaka saba orodha zako za Ijumaa zilimfanya mtu fulani kijijini agongewe mlango na kukumbushwa dawa. Hilo lilikatwa kwa barua, na sijaona popote ulipolilia. Uliingia kwenye kufunga, ukaingia kwenye kungoja mara mbili yake, na kwenye jumuiya ukaendelea kusema Mungu ni mwema. Mungu ni mwema, sibishi. Ila Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza BWANA atamsahau mtu hata lini, na bado ni sala, imo kwenye Biblia hiyohiyo unayoishika madhabahuni. Huyo dada wa Alhamisi amewahi kukusikia ukiomba namna hiyo?

Tuje kwenye neno lake. Mimi si wa kusema Mungu hakusema, wala sikushauri umwone yule dada kama mwongo. Limekuvusha usiku mgumu, na hilo si dogo. Lakini ona kwamba kuna sehemu mbili ndani yake. Moja ni ahadi, kwamba utarudishiwa. Nyingine ni amri, "usikubali kidogo." Umezibeba zote kwa uzito mmoja. Je, una hakika zote zilitoka mahali pamoja? Inawezekana sana mtu akaombewa kwa upendo, na mwombaji akaongeza la kwake kwa kukuonea uchungu, bila hila yoyote. Hata Paulo aliwaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akawaambia wajaribu mambo yote. Unaweza kumwendea ukamuuliza kwa upole alimaanisha nini aliposema kidogo. Labda atakushangaza.

Na kwa kuwa alimtaja Ayubu, nenda kasome mwisho wa kitabu chake polepole. Sura ya 42 mstari wa 10 ndio tunaoupenda, BWANA akampa mara mbili ya alivyokuwa navyo. Mahubiri mengi huruka kutoka hapo mpaka mstari wa 12, kwenye kondoo 14,000 na ngamia 6,000. Katikati pana mstari wa 11. Ndugu zake na dada zake na waliomjua zamani wanaingia nyumbani kwake, wanakula naye chakula, wanamlilia, na kila mmoja anampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Kidogo kidogo, kutoka kwa ndugu. Andiko halisemi kwamba kondoo walinunuliwa kwa fedha hiyo, nami sitalilazimisha liseme. Nasema tu kwamba Ayubu hakukataa kile kipande kwa kuwa hakijafika mara mbili. Shemeji yako aliyekupigia simu kutoka Makambako, wewe unamweka upande gani wa hadithi hiyo?

Kuhusu mahubiri yaliyokuchoma, andiko lile la Wathesalonike linamsema mtu *asiyetaka* kufanya kazi. Wewe ulitaka, na bado unataka. Ukitafuta unaposimama, nenda Mathayo 20, kwa wale vibarua waliosimama sokoni hadi saa kumi na moja. Mwenye shamba alipowauliza mbona wamesimama bure kutwa, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hakuwakemea, wala hakuwaambia pana laana ya ukoo. Nalisema hili kwa makusudi kwa sababu watu wengi wanaoniandikia wameshaambiwa wana roho ya kukataliwa, wakati hesabu ya kawaida inatosha kueleza: mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) walipotangaza nafasi za kazi 1,596, walioomba walizidi 130,000. Ule umati ulioukuta kwenye usaili haukuwa hukumu juu yako.

Haya, Makambako. Sitakuambia nenda wala usiende, ila tuitazame kazi yenyewe kwa karibu.

Ukienda, kuna hatari za kweli. Utakuwa mbali na mke wakati ambao nyumba tayari ina baridi, na mwanamume anayelala chumba cha nyuma ya duka akiwa hana usingizi anaweza kuzama zaidi. Kazi ya ndugu huwa haina saa ya kufunga, na mshahara wa ndugu una tabia ya kugeuka "chukua hii kwanza". Heshima iliyopo kati yako na kijana uliyemsomesha inaweza kuharibika kwa sababu ya mfuko mmoja wa saruji usioonekana stoo. Haya usiyaombee tu, yaongee kabla. Mshahara unalipwa lini, siku ya mapumziko ni ipi, unaruhusiwa kuondoka ukiitwa kwenye usaili, na mnajaribu kwa muda gani, miezi mitatu au sita? Yaandikeni, hata kama ni kwenye ukurasa wa daftari. Kuandikiana na shemeji si kumshuku.

Lakini pia kuna jambo ambalo nadhani hujaliona kwa sababu ya zile kilo za misumari. Duka la vifaa vya ujenzi kwenye mji wa njia panda kama Makambako, barabara ya Mbeya hapa na ya Njombe na Songea pale, linakufa au kupona kwenye daftari la madeni. Fundi anachukua bati ishirini anasema mwenye nyumba atalipa, mwenye nyumba yuko Dar, na mwezi ukiisha hakuna anayekumbuka. Ni nani anayejua kutoa orodha kila Ijumaa ya waliotakiwa kuja na hawakuja? Sisemi uige kliniki dukani. Nasema shemeji aliomba mtu wa "kumwaminia kaunta na stoo", na huenda anakuhitaji kuliko alivyojua kusema kwenye simu. Hilo likiwa hivyo, mazungumzo ya mshahara nayo yanabadilika.

Ukibaki Iringa, nako si kukosa akili. Uko karibu na watoto, uko tayari ukiitwa, na ndoa inapata nafasi ya kupona. Hatari yake ni kwamba kungoja kusiko na tarehe hula pesa na hula mtu. Kama utabaki, kaeni wawili mpange mtabaki hivi hadi lini, na wewe utafanya nini katikati. Na ile hofu yako kwamba ofisi itafunguka wiki inayofuata: ikifunguka, utaondoka dukani. Watu huacha kazi kila siku, na Mungu aliyekupatia ofisi Iringa hatashindwa kukupata Makambako.

Sasa ahadi ya ujenzi. Najua unalijua andiko la Mhubiri kwamba ukimwekea Mungu nadhiri usikawie kuiondoa, na sitaki kulifanya jepesi. Weka kando yake Marko 7, Yesu alipowakemea wale waliotangaza mali yao kuwa ni Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Kumbe sadaka nayo inaweza kumkosea Mungu mwenyewe. Je, ada ya mtoto wako iko upande gani wa jambo hilo? Hilo pimeni nyumbani. Nina swali moja tu, na nisamehe likichoma: kama majina yasingesomwa kwenye matangazo, ungekuwa na haraka hii ya kumaliza?

Hatari ya kutoa yote ni wazi, milioni mbili na ushee zikitoka laki kumi na nne zinabaki laki sita na ushee, na hamna pa kukimbilia mtoto akiugua. Hatari ya kutotoa ni dhamiri yako, nayo ni hatari ya kweli kwa mtu kama wewe. Kati ya hizo kuna njia. Mwendee mchungaji ofisini, si mlangoni baada ya ibada, umweleze ukweli wote na umwombe muda. Wachungaji huzoea maombi haya kuliko wazee wa kanisa wanavyodhani. Na kwa kuwa kanisa linajengwa, saruji na nondo zinahitaji mtu wa kuzihesabu zikiingia na zikitoka. Muulize kama utumishi huo unaweza kupokelewa wakati fedha inasubiri. Anaweza kukubali au kukataa. Walau hutapita tena mlango wa pembeni kwa sababu yake.

Ule mlango umenisumbua, nakiri. Wewe ndiye uliyekuwa ukimrudishia bibi kuku wake. Hukumdharau, ulifurahi. Mbona unaamini kwamba jumuiya yako itakudharau wewe ikijua? Labda wachache watanong'ona, kanisa ni watu. Lakini umewanyima hata wale wasionong'ona nafasi ya kukubebea mzigo. Huhitaji kusimama mbele ya usharika mzima. Chagua wawili.

Nimemwacha mke wako mwisho ingawa yeye ndiye wa kuanza naye. Aliuliza, "Ni Mungu gani huyo anayekataza kazi?" Ulilisikia kama kutokuamini. Mimi nililiposoma nilisikia mwanamke mcha Mungu aliyechoka. Kwa zaidi ya mwaka anaamka, anafundisha, anarudi, analipa, na kwenye barua yako ndefu hukuandika hata mahali pamoja kwamba ulimshukuru. Sikulaumu, aibu humfanya mtu aone miguu yake tu. Je, unajua makato kwenye mshahara wake yamefikia wapi? Walimu wengi hukopa benki na kukatwa kimyakimya. Inawezekana hakuna mkopo wowote. Inawezekana upo na hakukuambia ili asikuongezee mzigo. Na je, yeye anaionaje Makambako? Mdogo wake ndiye mwenye duka. Huenda anaogopa kuliko wewe kwamba mtagombana akabaki katikati. Usidhani unajua anachotaka kabla hujamuuliza, na kabla ya kumuuliza muombe msamaha wa kule kufoka.

Usingizi unaoisha saa nane na chakula kisicho na ladha, ikiwa vimeendelea kwa wiki kadhaa, vipeleke hospitali. Wewe umefanya kazi kliniki, unajua watu wanaochelewa. Umwambie daktari ukweli, na kama kuna usiku mawazo yanakupeleka kwenye kutotamani kuishi, usingoje asubuhi, mwamshe mke wako. Eliya chini ya mretemu aliomba afe, na kabla Mungu hajamuuliza lolote alilala kwanza, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji.

(Kwa wasomaji wengine waliopunguzwa kazini hivi karibuni, msiweke barua kabatini mkingoja muujiza. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na fao la kukosa ajira la NSSF ni kwa aliyeachishwa, si kwa aliyeacha mwenyewe. Aliyechangia miezi 18 au zaidi hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Kuomba na kufuatilia stahiki vinaweza kufanyika siku moja.)

Kwa hiyo, baba, kama ningekuwa jirani yako ningekuomba ufanye mambo kwa utaratibu huu: mke kwanza, kisha mchungaji, kisha yule dada wa Alhamisi. Shemeji awe wa mwisho, ila usimwache akingoja hadi siku ya mwisho ya mwezi. Mpigie wewe mwenyewe, usimtume dada yake. Hata kama jibu bado hulijui, muulize mshahara unalipwa tarehe ngapi, na daftari la madeni liko wapi.

*Mama Mshauri*